Uvimbe wenye nywele na meno unatoka wapi?

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa ambao mara nyingi hunong'onwa tu, kwa sababu unagusa sehemu za mwili tunazoziona za aibu, na kwa sababu mambo yake ni ya ajabu hata watu wakafikiri vingine.

Fikiria nyumba tatu. Katika nyumba ya kwanza amezaliwa mtoto wa kike mwenye uvimbe mkubwa mwishoni mwa mgongo, pale kwenye kifandugu. Mama yake hajatoka hata kitandani, na tayari bibi mmoja amesema kwamba alimcheka kilema wakati wa ujauzito. Katika nyumba ya pili mama wa miaka 28 amefanyiwa upasuaji wa tumbo. Daktari ametoa uvimbe wenye ukubwa wa chungwa, na alipoupasua alikuta mafuta, nywele ndefu na meno mawili. Mume anarudi nyumbani akiwa na neno moja tu mdomoni: uchawi. Katika nyumba ya tatu kijana wa miaka 24 ameona korodani yake moja imekuwa ngumu na kubwa kuliko mwenzake. Haimwumi. Hamwambii mtu, kwani ataanzaje?

Watu hawa watatu hawajuani, lakini magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Hospitalini huitwa uvimbe wa chembe za uzazi. Kwa Kiswahili cha kila siku tunaweza kusema ni uvimbe unaotokana na zile chembe hai ambazo zingekuwa mayai ya mwanamke au mbegu za mwanamume. Chanzo chake kiko mbali sana nyuma ya siku ulipoonekana. Kwa wengi kiko katika siku zile mgonjwa mwenyewe alipokuwa tumboni mwa mama yake. Tukiifahamu safari ya chembe hizo, tutaelewa kwa nini uvimbe unaweza kuota nywele, na kwa nini hakuna mtu wa kulaumiwa.

MBEGU INAYOWEKWA AKIBA

Mkulima mwenye busara hali mavuno yake yote. Huchagua mahindi mazuri, akayatundika juu ya moshi wa jiko, yawe mbegu ya msimu ujao. Mwili wa binadamu hufanya vivyo hivyo, tena mapema sana.

Mimba huanza na chembe hai moja, yaani yai lililorutubishwa. Chembe hiyo hugawanyika ikawa mbili, nne, nane, na kuendelea. Mwanzoni zote zinafanana. Kisha zinaanza kugawana kazi. Kufikia wiki ya tatu kiinitete kinakuwa na matabaka matatu, yamelaliana kama chapati katika sahani. Tabaka la nje litatoa ngozi, nywele, ubongo na mishipa ya fahamu. Tabaka la kati litatoa mifupa, misuli, moyo na damu. Tabaka la ndani litatoa utando wa utumbo na wa mapafu, pamoja na ini. Chembe ikishachukua kazi ya ngozi, kwa kawaida hairudi tena nyuma ikawa mfupa. Imechagua njia yake.

Lakini kipo kikundi kidogo cha chembe ambacho hakipewi kazi yoyote kati ya hizo. Hizo ndizo akiba. Siku moja, miaka mingi mbele, zitatakiwa kumwanzisha binadamu mwingine mzima. Kwa sababu hiyo zinatunza uwezo ambao wenzao wameuacha: uwezo wa kutoa chembe za kila aina, za ngozi, za mfupa, za utumbo na hata za ubongo. Msomaji, ukishika jambo hili moja, umeshapata nusu ya jibu la swali letu.

SAFARI YA CHEMBE ZA UZAZI

Watu wengi hudhani kwamba chembe za uzazi huzaliwa palepale ndani ya korodani, au ndani ya vifuko vya mayai ambavyo hospitalini huitwa ovari. Sivyo. Kati ya wiki ya tatu na ya nne huonekana mbali na hapo, kwenye ukuta wa kifuko cha kiini. Kifuko hiki kwa kuku ndicho kinachobeba kiini cha njano ambacho ni chakula cha kifaranga. Kwa binadamu hakina chakula hicho, lakini kipo, kikiwa kimening'inia upande wa tumbo la kiinitete. Wataalamu wengi wanaona kwamba akiba huwekwa huko pembeni ili isichanganywe na kazi ya ujenzi inayoendelea.

Kutoka huko chembe hizo lazima zisafiri. Hupita katika ukuta wa utumbo wa nyuma, kisha katika utando unaoushikilia utumbo mgongoni, hadi zifike kwenye matuta mawili madogo yaliyo pande mbili za uti wa mgongo. Matuta hayo ndiyo yatakayokuwa ovari au korodani. Zinafika katika wiki ya tano na ya sita. Hazibebwi na damu. Zinajivuta zenyewe, kama amiba anavyojivuta majini, zikifuata dalili za kikemikali zinazotolewa na chembe zilizo kando ya njia, kama siafu wanavyofuata harufu ya wenzao. Dalili hizo si za kuonyesha njia tu, ni chakula pia. Chembe ikiacha njia, inakosa kinachoiweka hai na inakufa. Huo ni ulinzi mzuri sana.

Zikifika, maisha yake hutegemea kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Kwa mtoto wa kiume huingia ndani ya korodani na kutulia hadi wakati wa balehe. Kwa mtoto wa kike huongezeka kwa haraka, hadi karibu mwezi wa tano wa mimba zinafika milioni 6 au 7. Baada ya hapo nyingi hufa, na mtoto anapozaliwa amebakiwa na milioni 1 au 2. Tena kwa mtoto wa kike chembe hizi huanza, angali tumboni mwa mama, ule mgawanyiko wa pekee wa kupunguza urithi uwe nusu. Zinaanza, kisha zinasimama katikati, na kulala usingizi wa miaka kumi, ishirini au arobaini.

WATAALAMU WALIJUAJE?

Mwaka 1948 mtaalamu Emil Witschi, mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha Marekani, alieleza safari hii kwa binadamu. Alichunguza kwa darubini viinitete vya umri mbalimbali vilivyohifadhiwa, akaona chembe hizo kwanza kwenye kifuko, kisha njiani, kisha kwenye matuta.

Ushahidi kuhusu uvimbe wenyewe ulitoka kwa panya. Katika maabara ya Jackson, mji wa Bar Harbor, Marekani, Leroy Stevens aliona miaka ya 1950 kwamba katika ukoo mmoja wa panya, karibu dume 1 kati ya 100 alikuwa na uvimbe wa korodani wenye mifupa, ngozi na nywele ndani yake. Miaka ya 1960 alichukua yale matuta madogo kutoka kwa watoto wa panya ambao hawajazaliwa, akayapandikiza kwa panya wakubwa. Uvimbe uleule ukaota. Lakini alipochukua matuta ya panya ambao kwa kuzaliwa hawana chembe za uzazi, hakuna uvimbe wa namna hiyo ulioota. Hapo ikathibitika kwamba mzizi wa uvimbe ni zile chembe za akiba.

Basi tuone sasa namna tatu ambazo safari hii inaweza kuharibika. Ndizo zile nyumba tatu tulizoanza nazo.

1. CHEMBE ZINAZOPOTEA NJIANI

Njia ya chembe hizi iko katikati ya mwili. Zinazoiacha karibu zote hufa, kama tulivyosema. Mara chache sana moja hupona, ikabaki mahali isipotakiwa, na baadaye ikaanza kugawanyika. Ndiyo maana uvimbe wa aina hii unapotokea nje ya ovari na korodani, huonekana kwenye mstari wa katikati ya mwili: kwenye kifandugu, nyuma ya matumbo karibu na uti wa mgongo, katikati ya kifua nyuma ya mfupa wa kidari, au katika tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo.

Mtoto wa nyumba ya kwanza ni wa kundi hili. Uvimbe wa kifandugu hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 35,000 hadi 40,000 wanaozaliwa, na wasichana huupata mara tatu au zaidi kuliko wavulana. Wataalamu wengine wanasema kwamba uvimbe wa mahali hapa hutokana na chembe nyingine changa sana, zilizobaki kwenye mstari wa kwanza wa kuujenga mwili badala ya kutoweka. Kwa vyovyote vile, chanzo kiko katika wiki za kwanza za mimba, wakati mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Hakuna kicheko, chakula wala kazi ya shamba iliyousababisha.

Kwa watoto wachanga uvimbe huu mara nyingi si kansa. Lakini usiachwe "uone utakavyokuwa". Kadiri miezi inavyopita ndivyo hatari ya kugeuka kansa inavyoongezeka. Daktari wa upasuaji huuondoa pamoja na mfupa wa kifandugu, kwa sababu mfupa ukibaki uvimbe unaweza kurudi. Siku hizi picha ya ultrasaundi wakati wa ujauzito inaweza kuuonyesha mapema, ili mama apangiwe kujifungulia hospitali yenye wapasuaji.

2. CHEMBE ZINAZOFIKA LAKINI HAZIKUI

Mwaka 1972 daktari wa Denmark, Niels Skakkebaek, alieleza jambo aliloliona katika vipande vya korodani vya wanaume waliokuwa wakitafutiwa sababu ya kukosa watoto. Baadhi yao walikuwa na chembe za ajabu, na baadaye wakapata kansa ya korodani. Chembe zile zilikuja kuonekana kwamba zinafanana sana na chembe za uzazi za mtoto aliye tumboni. Maana yake ni kwamba zilifika nyumbani salama, lakini zikakataa kukua. Zilibaki changa miaka yote, na homoni za balehe zilipokuja zikaanza kuongezeka bila mpango.

Ndiyo sababu kansa ya korodani ni ugonjwa wa vijana. Wengi huupata kati ya miaka 15 na 40, umri wa kuoa na kulea. Wanaume wa Denmark na Norwei huupata zaidi kuliko watu wengine wengi duniani. Kwa Waafrika ni nadra. Hilo ni jema, lakini lina hatari yake: kwa kuwa ni nadra, hakuna anayeufikiria. Katika pwani yetu kila uvimbe wa sehemu za siri za mwanamume huitwa busha. Busha ni maji, na mara nyingi huwa laini. Uvimbe mgumu ndani ya korodani yenyewe, hata kama hauumi, ni habari nyingine na unataka daktari mara moja.

Hapa kuna neno kwa wazazi wenye watoto wa kiume. Korodani hutengenezwa ndani ya tumbo, karibu na figo, kisha hushuka hadi mfukoni mwake katika miezi ya mwisho ya mimba. Kwa watoto wengine moja au zote mbili hazishuki. Mtoto huyo anapokuwa mtu mzima hatari yake ya kansa ya korodani ni kubwa kuliko ya wenzake. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa kuishusha kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari isiyofika nusu ya ile ya waliocheleweshwa. Siku hizi madaktari wanashauri ifanyike mapema zaidi, kati ya miezi 6 na 18. Kwa hiyo mama unapomwogesha mtoto kwa maji ya uvuguvugu, papasa. Ziko mbili? Kama moja haipo, na mtoto ametimiza miezi 6, mweleze muuguzi wa kliniki. Usingoje "itashuka yenyewe akianza kukimbia".

3. CHEMBE ZINAZOAMKA KABLA YA WAKATI

Sasa turudi kwa mama wa nyumba ya pili. Yai lake moja, lililokuwa limelala ndani ya ovari, liliamka bila kuitwa. Halikukutana na mbegu ya mwanamume. Lilianza kugawanyika peke yake, na kwa kuwa lilikuwa na ule uwezo wa akiba, likatoa ngozi, na ngozi ikatoa nywele na mafuta. Likatoa mfupa na meno. Uvimbe huu huitwa teratoma.

Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walilinganisha alama za urithi katika uvimbe wa namna hii na zile za wanawake wenyewe. Waliona kwamba urithi wote ulikuwa wa mwanamke mwenyewe, umepangwa kama katika yai lililokwisha kuanza mgawanyiko wake. Hapakuwa na urithi wa mwanamume yeyote.

Kwa nini basi halikuwa mtoto? Kwa sababu mtoto hapatikani kwa urithi wa upande mmoja. Ipo sehemu ya urithi ambayo hufanya kazi ikitoka kwa baba tu, na nyingine ikitoka kwa mama tu. Zote mbili zinahitajika. Teratoma ni kama kiwanja ambacho fundi mwashi, seremala na mpaka rangi wamefika na zana zao, lakini hakuna ramani wala msimamizi. Utakuta tofali hapa na dirisha kule. Nyumba hutaipata.

Teratoma ya ovari ni uvimbe wa kawaida kwa wanawake wa umri wa kuzaa, na karibu zote si kansa. Nyingi hazileti dalili, na hugunduliwa katika ultrasaundi ya jambo jingine. Hatari yake kubwa ni kujisokota. Ovari nzito huzunguka, damu ikakatika, na mwanamke akapata maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo pamoja na kutapika. Hilo halingoji asubuhi. Mara nyingi mpasuaji anaweza kuondoa uvimbe tu na kuiacha ovari.

KIPIMO CHA MIMBA KINAPODANGANYA

Nimeliweka jambo hili peke yake kwa sababu linavunja nyumba. Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 15, mwanafunzi. Tumbo lake linajaa. Majirani wanahesabu miezi kwa vidole. Anaapa kwamba hajamjua mwanamume. Anapelekwa zahanati, mkojo unapimwa, na kipimo kinasema ana mimba. Baba anachukua fimbo.

Tusimame hapa kidogo. Kipimo cha mimba hakimwoni mtoto. Kinachotafuta ni homoni moja inayotengenezwa na kondo la nyuma. Sasa, chembe za uzazi zinaweza kutoa kila aina ya chembe, hata zile za kondo. Baadhi ya uvimbe huu, ule ulio kansa, hutoa homoni hiyohiyo. Kipimo kitasema "mimba", na mimba haipo. Hata mwanamume mwenye uvimbe wa namna hiyo akipimwa mkojo anaweza kuonekana ana mimba.

Uvimbe mwingine hufanana na kile kifuko cha kiini cha mwanzo wa safari. Aliyeutambua hivyo ni daktari Gunnar Teilum wa Denmark mwaka 1959. Huo hutoa protini ambayo kwa kawaida huonekana kwa wingi kwa mtoto aliye tumboni na mchanga. Madaktari hupima vitu hivi viwili katika damu ili kuutambua ugonjwa na kuona kama dawa inafanya kazi. Ni kana kwamba chembe zimepotea, lakini bado zinakumbuka zilikotoka.

Kwa hiyo mzazi, binti yako akivimba tumbo, picha ya ultrasaundi itangulie hasira. Kama ni mimba, kupigwa hakutamsaidia yeye wala mtoto. Kama ni uvimbe, kila wiki ya kumficha ndani ni wiki ya uhai wake inayopotea.

MATIBABU YAPO

Kati ya kansa zote zinazojulikana, hii ni mojawapo ya zile zinazopona vizuri zaidi. Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alikuwa akipitisha umeme kwa bakteria kwa kutumia madini ya platini. Aliona bakteria wameacha kugawanyika. Hakikuwa umeme kilichowazuia, bali platini iliyoyeyuka. Hivyo ikapatikana dawa ya sisplatini. Mwaka 1974 daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana aliichanganya na dawa nyingine mbili kwa wagonjwa wa kansa ya korodani iliyokwisha kuenea. Kabla ya hapo, kati ya wagonjwa 10 wa hali hiyo, alipona 1 hivi. Leo, panapokuwa na matibabu kamili, hupona 8 hivi. Wale ambao kansa haijaenea karibu wote hupona.

Mwendesha baiskeli Lance Armstrong wa Marekani aligunduliwa na kansa ya korodani mwaka 1996, akiwa na miaka 25. Ilikuwa imefika kwenye mapafu na ubongo. Ushindi wake katika mbio alinyang'anywa mwaka 2012 kwa kutumia dawa zilizokatazwa, lakini kupona kwake kulikuwa kwa kweli.

Matibabu huanza kwa upasuaji. Kwa msichana huondolewa ovari yenye ugonjwa tu inapowezekana, na wengi hupata hedhi na kuzaa baadaye. Kwa mwanamume korodani yenye kansa hutolewa kupitia kinena. Usikubali uvimbe wa korodani utobolewe au uchanjwe mitaani, kwani kufanya hivyo kunaweza kuusambaza. Wanaohitaji dawa za kansa huwekewa kwa dripu kwa mizunguko. Hutapisha, nywele hutoka, na daktari huangalia figo na masikio. Nywele hurudi. Jambo kubwa ni kumaliza mizunguko yote, hata kama mgonjwa ameanza kujisikia vizuri.

Dawa hizi ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa Tanzania, hospitali ya wilaya au ya mkoa inaweza kumpa mgonjwa barua ya rufaa kwenda Muhimbili na Ocean Road mjini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, au KCMC Moshi.

MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

Je, ni pacha aliyemezwa? Hapana. Ipo hali nyingine, adimu mno, ambapo pacha hukua ndani ya mwenzake, lakini teratoma ya kawaida si hiyo. Inatokana na chembe ya mgonjwa mwenyewe.

Je, kuutoa ni kutoa mimba? Hapana. Hapakuwa na mimba. Nywele na meno si mtoto.

Je, unaambukiza? Hapana, hata kidogo. Kula naye, lala naye chumba kimoja.

Je, unarithiwa? Mara nyingi hapana. Lakini ndugu wa kiume wa mtu aliyepata kansa ya korodani ana hatari zaidi kuliko wengine, na ajichunguze.

Je, mama alikosea nini? Hakukosea kitu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona:

1. Mtoto mchanga ana uvimbe kwenye kifandugu au matakoni.
2. Mtoto wa kiume wa miezi 6 au zaidi ana korodani ambayo haijashuka.
3. Kijana au mwanamume ana uvimbe mgumu, au uzito, katika korodani, hata bila maumivu.
4. Msichana au mwanamke anavimba tumbo, au anahisi kitu kigumu chini ya kitovu.
5. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo la chini, pamoja na kutapika.

Kijana, jichunguze mara moja kwa mwezi unapooga, kwa kuzungusha kila korodani taratibu kati ya kidole gumba na vidole vingine. Ni dakika mbili tu.

Na sisi tunaokaa nje ya nyumba zile tatu, tuna kazi pia. Mama wa mtoto mwenye uvimbe anahitaji mtu wa kumshikia wengine nyumbani wakati yuko hospitali. Mume wa yule mama anahitaji rafiki wa kumwambia kwamba hakuna mchawi. Yule kijana anahitaji mjomba mmoja wa kumwuliza bila kucheka. Chembe ilipotea njia kabla ya mwenyewe kuzaliwa. Mgonjwa asipotee njia ya kwenda hospitali kwa sababu ya maneno yetu.